Mtaa wa Accra uliozaa "sekta isiyo rasmi"

Mwaka 1965 Keith Hart, mzaliwa wa Manchester aliyesomea Cambridge, alifika Nima, mtaa wa makabwela jijini Accra. Alikwenda kuishi na Wafrafra, wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ghana. Kwa wachumi wa enzi hizo, asiye na mshahara mjini alikuwa na jina moja tu: hana kazi.

Hart hakumwona aliyekaa bure. Makala aliyoandika baadaye ina orodha ambayo mimi huirudia kila nikipata nafasi: wamo washona viatu, wapika pombe, vinyozi, wapiga picha, waganga, wazoa kinyesi, ombaomba, wanunuzi wa mali ya wizi, hata matapeli wanaodai wanaweza kuzidisha noti. Wenye mshahara nao wamo, maana haukufika mwisho wa mwezi. Mtu yuleyule alikuwa kibarua asubuhi na mfanyabiashara jioni.

Aliyaeleza hayo mwaka 1971 kwenye mkutano Chuo Kikuu cha Sussex. Kwenye kichwa cha makala yake, shughuli hizo aliziita fursa za kipato zisizo rasmi. Fursa, si sekta. Makala ilichapishwa 1973, lakini neno lilikwishamtangulia hadi Nairobi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, na humo ndimo "sekta isiyo rasmi" ilipopata umaarufu. Hapo, kwa maoni yangu, ukuta ulijengwa mahali ambapo Hart alikuwa ameona mlango: kana kwamba fundi wa mabati na karani wa ofisini hawalali nyumba moja na kula sufuria moja.

Hart mwenyewe alikuja kulilalamikia neno lake, kwamba linataja kile ambacho watu hawakifanyi na kunyamazia wanachokifanya. Wakenya walipata lililo bora, jua kali. Ukilisikia tu unamwona mtu, nyundo mkononi, kichwa wazi, akikunja bati Kamukunji, Nairobi.

Ripoti hiyo ya 1972 iliisihi serikali ipunguze bomoabomoa na masharti ya leseni yanayowabana wadogo. Imepita miaka zaidi ya 50. Askari wa kanju, yaani wa jiji, wanaojaza bidhaa za wachuuzi kwenye malori wangeazimwa nakala yake.