Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba ni cha nani?

Kiswahili kimeupa unga heshima yake. Mtu akiachishwa kazi, tunasema amemwaga unga. Mambo yakimshinda, tunasema maji yamezidi unga. Mwenye pupa naye tunamtuliza kwa kumkumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni kile chombo cha kupimia nafaka ambacho vijana wengi wa leo wamekiona katika methali tu. Kazi, uwezo na akiba: yote hayo lugha yetu imeyapima kwa unga.

Nimeanza hivyo makusudi. Kila msimu wa uchaguzi unapobisha hodi, nasikia hoja ile ile kwenye matatu, kwa kinyozi na hata katika mabaraza ya wasomi: eti tumchague mfanyabiashara, kwa sababu aliyefaulu kuendesha kampuni hawezi kushindwa kuendesha serikali. Ni hoja tamu, ila utamu si ushahidi. Hebu basi tuipime kwa historia ya Marekani, ambako wauza unga walitoka vinuni wakapanda hadi kwenye viti vya ugavana na useneta. Tafadhali nisieleweke vibaya: ninaposema wauza unga nazungumzia unga wa ngano, ule wa chapati.

Jambo hili lina mizizi mirefu. George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, alikuwa na kinu cha kusaga ngano katika shamba lake la Mount Vernon, jimbo la Virginia. Mnamo 1791, akiwa rais, alikiwekea mitambo iliyobuniwa na Oliver Evans. Mwaka uliotangulia, Evans alikuwa amepewa hataza ya uvumbuzi huo, na mmoja wa waliotia sahihi hataza yenyewe alikuwa Washington. Mitambo hiyo ilipandisha nafaka juu ya kinu na kuupoza unga bila mtu kubeba gunia mgongoni. Wakati huo huo, waliolima mashamba yale na kutumikia kinu kile walikuwa watumwa. Tajriba ya biashara alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Ila faida ilipogawanywa, aliyetoka jasho hakuwa na kura wala kauli.

Hata hivyo, jiji lililotia fora kwa unga ni Minneapolis, jimbo la Minnesota, lililojengwa kando ya maporomoko ya St. Anthony katika mto Mississippi. Nguvu za maji yale zilizungusha mawe ya kusagia, nayo ngano ikamiminika kutoka nyanda pana za kaskazini. Kuanzia 1880, kwa takriban miaka 50, hakuna jiji la Marekani lililolishinda kwa kusaga unga. Na mahali penye unga mwingi hivyo, siasa haiwezi kukaa mbali.

Chukua mfano wa Cadwallader Washburn. Alizaliwa 1818 katika jimbo la Maine, katika familia ambayo siasa ilikuwa kama kitoweo cha kila siku. Kuna wakati yeye na ndugu zake wawili walikuwa wabunge pamoja, kila mmoja akiwakilisha jimbo lake. Washburn alikuwa jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa gavana wa Wisconsin kuanzia 1872. Mwaka uliofuata akagombea tena, akabwagwa na William Taylor, mkulima aliyeungwa mkono na muungano uliojumuisha wakulima waliochoshwa na kampuni za reli. Kwa lugha ya mtaani, gavana alimwaga unga. Alivyoumwaga huo wa siasa, aliugeukia ule wa ngano kwa nguvu mpya, na 1874 kinu chake kikubwa cha Minneapolis kikakamilika. Kilikuwa na orofa saba na nusu, na kilihesabiwa miongoni mwa vinu vikubwa zaidi duniani.

Jioni ya tarehe 2 Mei, 1878, kinu hicho kililipuka. Unga unaopeperuka hewani kama vumbi hushika moto kwa kasi ya ajabu, na palipo na mawe yanayosagana hapakosi cheche. Watu 18 walikufa, na vinu jirani vikateketea. Washburn hakukimbia. Alijenga kinu kingine, akaweka mitambo ya kuondoa vumbi, na mahali pa mawe ya kusagia pakaanza kutumika rola za chuma. Alipofariki 1882, wasia wake uliacha fedha za kujenga makao ya mayatima mjini humo. Hayo ni mema na ni haki yasemwe. Lakini tusisahau kwamba usalama wa wafanyakazi ulipewa uzito baada ya makaburi kuchimbwa, na kwamba uamuzi wa kuwalinda ulikuwa mikononi mwa mwenye kinu peke yake.

Tukiwa bado katika mwaka huo huo wa 1878, nataka tukitazame kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha mambo yote haya. Wenye vinu wa Minneapolis walikuwa na chama chao kilichonunua ngano kwa niaba ya wanachama wote. Maana yake ni kwamba mkulima aliyefika sokoni na gari lake la ngano alikuta wanunuzi wengi ambao kwa kweli walikuwa mnunuzi mmoja. Ili kuamua gredi ya ngano yake, mnunuzi alijaza nafaka katika chombo kidogo cha shaba, akakipima uzito, kisha akatumia uzito huo kukadiria shehena nzima. Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro. Ukimwaga nafaka polepole, hulala kwa namna moja, na ukiitupa kwa haraka, hulala kwa namna nyingine. Kosa dogo katika chombo kidogo huzidishwa mara nyingi likifika kwenye gari zima. Wakulima walilalama kwamba ngano yao bora ilishushwa gredi, na bei ikashuka nayo.

Mwaka huo William Washburn, mdogo wake Cadwallader, naye akiwa mfanyabiashara wa mbao na unga, aligombea ubunge. Mpinzani wake alikuwa Ignatius Donnelly, msemaji hodari aliyewahi kuwa naibu gavana na mbunge. Donnelly alikipandisha kile chombo cha shaba jukwaani. Katika kila mkutano alikieleza kuwa ndicho mwizi mkuu wa jimbo. Kwani hapo kulikuwa na haja ya ilani ndefu? Mkulima aliyepunjwa ngano yake alimwelewa bila kutafsiriwa. Washburn alishinda, Donnelly akapinga matokeo bila kufua dafu, lakini hoja ya kibaba haikufa.

Na wakati huo gavana wa Minnesota alikuwa nani? Alikuwa John Pillsbury, muuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa pia mbia katika kampuni ya unga ya C. A. Pillsbury, iliyoongozwa na mtoto wa nduguye. Alitawala kuanzia 1876 hadi 1882. Alipoingia ofisini, nzige walikuwa wamelivamia jimbo tangu 1873 na walikuwa wakila kila kilichochipuka. Pillsbury aliwatembelea wakulima akajionea njaa kwa macho yake. Hata hivyo, alisita kufungua hazina ya serikali. Alihofia kwamba misaada ingewapotezea watu moyo wa kujitegemea, kwa hivyo akasisitiza hisani ya watu binafsi. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwalipa watu kwa kila kipimo cha nzige waliowakusanya. Fikiria hilo: mkulima aliyezoea kupima ngano sasa anapima nzige! Gavana akatangaza tarehe 26 Aprili, 1877 kuwa siku ya maombi. Kiangazi hicho nzige wakaruka wakaenda zao.

Simlaumu Pillsbury kwa kuomba. Ninachouliza ni kama mtu aliyefanikiwa katika biashara hana udhaifu wa kudhani kwamba aliyeanguka hakujitahidi vya kutosha. Mkulima yule hakuwa mvivu. Alikuwa amelima, amepanda na amepalilia. Aliyeshindwa ni shamba, baada ya nzige kulimaliza. Elimu ya hesabu za faida na hasara ina manufaa yake, lakini haimfundishi mtu kutofautisha mvivu na aliyefikwa na msiba.

Suluhisho la mgogoro wa kibaba lilipatikana 1885. Hapo jimbo la Minnesota lilipitisha sheria iliyokabidhi ukaguzi na upangaji wa gredi za nafaka kwa tume ya serikali. Sheria hiyo haikumwomba mwenye kinu awe malaika. Ilimwondolea kibaba mkononi, basi. Kwa maoni yangu, sheria hiyo moja iliwafaa wakulima kuliko hisani nyingi, kwa sababu hisani hutegemea moyo wa mtoaji, nao moyo hubadilika.

Haki itendeke kwa William Washburn pia. Alipokuwa seneta, kati ya 1889 na 1895, alipigania mswada wa kudhibiti wachuuzi waliouza ngano wasiyokuwa nayo, kwa ahadi ya kuileta siku zijazo, huku wakicheza na bei kana kwamba ni kamari. Mswada huo ulipita katika Seneti mapema 1893 lakini ukakwama katika Bunge la Wawakilishi. Katika suala hili mwenye kinu na mkulima walikuwa upande mmoja, kwa maana wote wawili waliumizwa na walanguzi. Ujuzi wake wa biashara ulisaidia hapo, na sioni haya kukiri hivyo. Lakini tazama ni lini ulisaidia: ni pale maslahi yake na ya mkulima yalipokuwa yanaelekea njia moja.

Nimalizie mifano na kisa cha Texas. Wilbert Lee O'Daniel alifika Fort Worth 1925 kama meneja wa mauzo wa kampuni ya unga ya Burrus. Aligundua kwamba redio huuza unga kuliko bango. Akawa mtangazaji wa bendi iliyopewa jina la unga wenyewe, Light Crust Doughboys, na baadaye akaanzisha unga wake, Hillbilly Flour, akiwa na bendi yake. Kila adhuhuri alisikika akisimulia habari za mama, dini na nyumbani, na watu wakamzoea kama jamaa yao. Mnamo 1938 akagombea ugavana. Ilani yake ilikuwa Amri Kumi za Mungu pamoja na ahadi ya dola 30 kila mwezi kwa wazee. Mwenyewe hakuweza hata kujipigia kura, kwa kuwa hakuwa amelipa kodi iliyotakiwa kwa wapigaji kura. Katika mikutano, mapipa madogo ya unga yalipitishwa ili wananchi watumbukize michango. Alishinda wapinzani wote 12 wa chama chake bila kuhitaji duru ya pili.

Alipoingia ofisini, maji yalizidi unga. Fedha za kuwalipa wazee hazikuwepo, na kodi aliyopendekeza ikakataliwa. Wazee waliompigia kura hawakupata walichoahidiwa. Hata hivyo, 1941 aliingia Seneti ya Marekani baada ya kumshinda Lyndon Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, kwa kura 1,311 tu. Mwaka 1948 hakugombea tena.

Naam, nirejee kwenye hoja niliyoanza nayo. Kujua bei ya unga si sawa na kujua uchungu wa anayeukosa, na hapa kwetu, ambako bei ya paketi ya unga huweza kutikisa serikali, hatuna haja ya kufundishwa hilo. Sisemi mfanyabiashara asichaguliwe. Nasema asichaguliwe kwa sababu hiyo pekee. Anapopanda jukwaani kutuambia jinsi alivyojenga kampuni, tumpigie makofi kwa adabu, kisha tumuulize maswali mawili. Biashara yake itamuuzia nani akishaingia ofisini? Na atakayekagua vipimo vyake ni nani, ikiwa yeye ndiye muuzaji, mnunuzi na mtunga sheria? Wakulima wa Minnesota waliuliza maswali hayo kuanzia 1878 wakajibiwa 1885. Miaka saba ni mingi, lakini walipata jibu kwa sababu hawakuchoka kuuliza.