Mashine Inayokataa Bila Kusema Sababu

Dereva wa lori anayerudishwa kwenye kituo cha mpakani Vurra, karibu na Arua, anaweza angalau kumuuliza ofisa wa forodha ni karatasi gani inayokosekana. Skripti inayojenga programu usiku wa manane, ikikataliwa na mashine, haina wa kumuuliza.

Ukimya huo ulianza kwa makusudi. Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walieleza jinsi Unix ya mwanzo ilivyowafaidi wadukuzi. Jina lisilokuwapo likiandikwa, mfumo haukujisumbua kusimba nywila, kwa hiyo jibu lilirudi upesi. Likichelewa, mdukuzi alijua kwamba jina ni la kweli. Dawa ikawa kusimba kila mara, jina liwepo lisiwepo. Kwa mtu aliyeketi mbele ya kibodi, kuambiwa tu kwamba amekosea hakukuwa na shida kubwa: angejaribu tena.

Skripti je? Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ilipoitwa na skripti ikakosa nywila, iliuliza jina la mtumiaji, ikasubiri. Nani aijibu? Kazi ilining'inia mpaka muda wake ukaisha. Ndipo toleo la 2.3, Februari 2015, likaleta kigezo cha GIT_TERMINAL_PROMPT: kikiwekwa sifuri, Git haiulizi tena, inashindwa papo hapo.

GitHub, kampuni inayohifadhi hazina za msimbo za Git, nayo ina desturi yake. Anayeomba hazina ya faragha asiyoruhusiwa kuiona huambiwa haipo. Mwenye tokeni (ufunguo unaotumika badala ya nywila) halali lakini isiyo na ruhusa hiyo huishia kukagua tahajia ya anwani isiyo na kosa lolote. Siri imelindwa, sawa, ila asubuhi nzima imekwenda.

Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilionyesha kwamba inaweza kufanya vizuri zaidi. Iliamua kuacha kupokea nywila za akaunti kwenye Git. Tarehe 30 Juni na 28 Julai ilizikataa kwa muda, ili wenye skripti zilizosahaulika washtuke mapema, kisha 13 Agosti ikafunga kabisa. Ujumbe wa kosa ulitaja tarehe hiyo na kuelekeza watu watumie tokeni. Ni mistari michache tu, lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni, Arua, akiisoma kwenye kumbukumbu za usiku anajua kilichofungwa, lini, na afanye nini. Mdukuzi hajaambiwa hata kama jina alilobahatisha lipo.