Kubashiri Mshindi wa Pool: Ipi Hukumu Yake?

Vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda Tunduma kibiashara hupita Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, na huko hukutana na meza za pool. Tunabainisha hukumu ya kubashiri mshindi.

Kusema fulani atashinda kwa kuangalia ustadi wake, bila ya kuweka kitu, ni maoni tu. Si kudai kujua ghaibu. Wakiwekeana pesa, mwenye kukosea ampe mwenzake, hiyo ni kamari, nayo imeharamishwa katika Suratul-Maaidah, aya ya 90.

Hali kadhalika ule mtindo wa "aliyefungwa alipie meza": kila mmoja anaingia hajui atalipa au atacheza bure. Walipe nusu kwa nusu. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni ruhusa ya serikali, haihalalishi alichokiharamisha Allaah.

Katika Hadiyth ya Al-Bukhaariy na Muslim, anayemwita mwenzake tu wacheze kamari ameamrishwa atoe sadaka. Basi wazazi, tuwausie vijana kabla ya safari.

Wa-Allaahu A'lam.