Maneno Marefu, Herufi i na Mhakiki

Kila mwanafunzi wa fasihi anamjua yule mwenzetu ambaye hawezi kuchangia semina bila kushusha nondo. Akizungumzia shairi, lazima atupe neno la Kiingereza lenye urefu wa kamba ya kisimani, kisha atazame pembeni kuona nani ameshtuka. Nami sikujitenga na kundi hilo. Siku moja nilitoa neno la namna hiyo nililolikuta kwenye desa, na mwenzangu akaniuliza kwa upole tu, "Maana yake nini, ndugu?" Nikakaa kimya. Makala haya yametokana na kimya hicho. Nilitaka kujua maneno marefu ya Kiingereza yalitoka wapi, na wenyewe waliyachukuliaje.

Hebu tuchukue matatu ambayo wapenda maneno huyataja daima. La kwanza ni "honorificabilitudinitatibus", lenye herufi 27. La pili ni "antidisestablishmentarianism", lenye herufi 28. La tatu ni "floccinaucinihilipilification", lenye herufi 29. Ukiyatazama kwa makini utaona jambo la ajabu kidogo. Herufi e ndiyo inayotumika zaidi kuliko zote katika maandishi ya Kiingereza, lakini katika neno la kwanza na la tatu haimo hata mara moja. Badala yake imejaa i: mara 7 katika la kwanza na mara 9 katika la tatu. Je, ni bahati tu? Hapana. Herufi hizo ni alama ya ukoo. Maneno haya mawili ni Kilatini kilichovishwa koti la Kiingereza, na i ni kiungo na kiishio cha kawaida katika Kilatini.

Neno la kwanza maana yake ni hali ya kustahili kupewa heshima. Limo katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Love's Labour's Lost, iliyochapishwa mwaka 1598. Lakini nani analitamka? Si mwalimu Holofernes anayejigamba kwa Kilatini chake. Analitamka Costard, mtu wa kijijini na mchekeshaji, akimtania mtumishi mdogo kwamba kimo chake hakifikii urefu wa neno hilo. Kumbe lilitiwa pale kuwacheka wasomi!

Na kicheko hicho hakikuwa cha Shakespeare peke yake. Katika karne ya 16 Waingereza waligombana sana juu ya maneno ya kukopa. Waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino ulitunzwa katika pembe, na maneno hayo yalinuka wino kuliko maisha. Mwaka 1553 Thomas Wilson aliyakejeli katika kitabu chake cha balagha. Mwaka 1604 Robert Cawdrey alichapisha kamusi ya maneno magumu yapatayo 2,500, ili watu wa kawaida wapate kuyaelewa. Yaani kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilizaliwa kwa sababu wenye lugha hawakuelewana!

Neno la tatu linamaanisha tabia ya kukiona kitu si chochote. Limeundwa kwa maneno manne ya Kilatini yanayotaja vitu visivyo na thamani: flocci, nauci, nihili na pili. (Dada zetu wanaoitwa Pili wasikasirike, hilo la Kilatini ni unywele tu.) Yaliorodheshwa pamoja katika vitabu vya sarufi ya Kilatini, wanafunzi wakayakariri, na mwisho yakageuzwa mzaha. Mshairi William Shenstone alilitumia katika barua mwaka 1741, akimsifu mtu aliyedharau fedha.

Neno la pili ni la kabila jingine. Hilo lina e mbili, na limetokana na siasa. Linahusu msimamo wa kupinga Kanisa la Uingereza kuondolewa hadhi yake ya kuwa kanisa la dola. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kweli: kanisa hilo lilivuliwa hadhi hiyo huko Ireland kwa sheria ya mwaka 1869, na Wales kwa sheria ya mwaka 1914.

Sasa tuje kwa mhakiki. Mwaka 1910 Edwin Durning-Lawrence alidai kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon. Ushahidi wake mmoja? Alizipanga upya herufi 27 za lile neno la Costard, akapata sentensi ya Kilatini isemayo kwamba tamthilia hizi ni za Bacon. Bwana wee! Lakini neno hilo Dante alikwisha kulitaja mwanzoni mwa karne ya 14, akilitolea mfano wa neno refu kupita kiasi. Bacon alizaliwa mwaka 1561 na Shakespeare mwaka 1564. Basi siri yao iliwekwaje ndani ya neno lililowatangulia? Aliyeanza na jibu hukuta herufi za kumtosha. Wangapi kati yetu tunahakiki riwaya hivyo hivyo?

Sisemi kwamba kukopa ni dhambi. Fani, maudhui, taswira na tamthilia ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na bila hayo mhakiki wa Kiswahili angekuwa bubu. Wala urefu si kosa. Sisi tunasema "watakaotuandikia", herufi 16, na mtoto wa darasa la kwanza anaelewa, maana kila kipande cha neno hilo anakijua tangu nyumbani. Ubaya uko kwenye neno linalobebwa kama mzigo uliofungwa, ambao hata mchukuzi hajui ndani mna nini.

Kwa hiyo, wenzangu wa vimbweta, na nyinyi walimu wetu mnaotusahihisha, napendekeza kipimo kimoja. Mtu akitumia neno refu, tusimpigie makofi wala kumzomea. Tumuulize kama nilivyoulizwa mimi, kwa upole tu, maana yake nini. Akijibu, tumejifunza. Akinyamaza, naye amejifunza.