Kutoka Bangalala Hadi Mkongeni

Njia ya kushuka Bangalala kwenda Makanya, wilayani Same, inaanza na maji. Huku juu ziko ndiva, mabwawa ya udongo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe kuelekea mashambani asubuhi. Ukizidi kuteremka jua linakaza na vumbi linaongezeka, hadi unapofika kwenye reli na mashamba ya mkonge.

Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona safarini ni 62. Kufikia uhuru, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Alfajiri mkataji aliingia shambani, akakata majani yenye miba nchani, akayafunga mafungu na kuyabeba hadi kwenye toroli yapelekwe korona, mashine inayoponda jani na kubakiza nyuzi. Asipomaliza kiasi alichopangiwa, siku yake haikuandikwa. Wengi walikuwa manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali. Wapare, wenyeji wa mlima huu, walioshuka walifuata hasa shilingi za kodi.

Ujira ule ulikadiriwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mke na watoto walitarajiwa kujilisha wenyewe mlimani, kwa hiyo jembe la mwanamke ndilo lililoufanya mkonge uwe rahisi kwa mwenye shamba. Tope la ndiva nalo halimngoji baba amalize kipande. Lazima watu waitane msaragambo, kazi ya pamoja, walizoe.

Kwa sababu hiyo siwezi kuisoma mbiru, upinzani wa Wapare dhidi ya serikali ya kikoloni, kama habari ya kodi tu. Katika miaka ya 1940 serikali ilitaka kodi ya ziada iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same kuipinga, wakakaa huko muda mrefu. Mwaka 1946 wanawake wakaandamana Usangi, wakitaka shauri limalizwe waume zao warudi nyumbani. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Upareni, ameyaandika hayo. Kwangu, wanawake wale walikuwa wanadai nguvukazi ya kaya zao.

Katikati ya miaka ya 1960 nyuzi za viwandani ziliuvuruga mkonge, bei ikaanguka. Mpare aliyepoteza kibarua alikuwa na shamba la ukoo mlimani la kurudia. Mtoto wa manamba aliyezaliwa kambini hakuwa na mlima wa kupanda.