Hati Yenye Meno

Katika mwezi wa Julai, mwaka 1640, walisimamishwa mbele ya mahakama ya Jamestown, katika koloni la Kiingereza la Virginia, watumishi watatu waliomtoroka bwana wao, Hugh Gwyn, wakakamatwa katika nchi jirani ya Maryland: mmoja Mholanzi jina lake Victor, wa pili Mskoti aitwaye James Gregory, na wa tatu Mwafrika aitwaye John Punch. Kosa lao lilikuwa moja, na viboko vyao vilikuwa sawasawa, thelathini kwa kila mtu. Walakini ulipofika wakati wa kukata muda, wale wawili wa Ulaya waliongezewa miaka minne, mmoja kwa bwana wao na mitatu kwa koloni, ilhali John Punch aliamriwa amtumikie bwana wake, na yeyote atakayeshika nafasi ya bwana huyo, mpaka mwisho wa uhai wake. Wala hapakuwa bado na sheria yoyote katika Virginia iliyomfanya Mwafrika kuwa mtumwa.

Koloni hilo lilianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya matajiri wa London, nalo halikuonja faida mpaka John Rolfe alipoanza kupanda tumbaku takriban mwaka 1612. Tumbaku ni mmea unaotaka mikono mingi, tangu kusia mbegu na kupandikiza miche hadi kung'oa vikonyo na kukausha majani. Kwa hiyo mwaka 1618 kampuni ikatoa ahadi kwamba kila atakayemlipia mtu nauli ya kuvuka bahari atapewa ekari 50 za ardhi. Ndipo maskini wa Uingereza, waliokosa kazi makwao, walipojifunga kwa hati. Maandiko mawili yaliandikwa juu ya karatasi moja, kisha karatasi ikakatwa kwa mstari wa meno kama ya msumeno, kila upande ukachukua kipande chake, ili siku ya shauri vipande vikutanishwe na kuonekana kwamba vinaingiana. Muda ulikuwa aghalabu miaka minne hadi saba, na badala ya ujira mtumishi alipata chakula, mavazi na mahali pa kulala. Hati iliweza kuuzwa, na mtumishi akaenda nayo. Hakuwa na ruhusa ya kuoa bila idhini ya bwana, na wengi walifariki kwa homa na kazi kabla ya kuiona siku ya kutoka. Madhali umri wenyewe ulikuwa mfupi hivyo, hapakuwa na faida kubwa ya kumnunua mtu kwa maisha yake yote.

Katika hali hiyo ya mambo, mwezi wa Agosti 1619, merikebu ya Kiingereza iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort ikiwa na mateka ishirini na kidogo, walionyang'anywa katika merikebu ya Wareno iliyowapakia Luanda, Angola, nao wakabadilishwa kwa vyakula. Wengi wao na waliowafuata hawakutoka tena katika utumishi, lakini wachache walitoka. Mmoja aliyefika mwaka 1621, akaandikwa kwa jina la Antonio, alipata uhuru wake, akajiita Anthony Johnson, na kufikia mwaka 1651 alikuwa na ekari 250. Na tusimfanye malaika: mtumishi wake John Casor alipodai kwamba muda wa hati yake umekwisha zamani, Johnson alishikilia kwamba ni wake kwa maisha, na mwaka 1655 mahakama ikamrudishia.

Mwaka uliofuata, Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mama Mwafrika, alishinda madai ya uhuru wake kwa hoja tatu: kwamba baba yake alikuwa muungwana, kwamba yeye mwenyewe amebatizwa, na kwamba muda aliowekewa umepita. Mabwana wa baraza la Virginia, ambao walikuwa ndio wenye mashamba, walizisoma hoja hizo kama mwenye nyumba akaguavyo nyufa baada ya mwizi kupita. Mwaka 1662 wakaamuru, kinyume cha desturi ya Kiingereza ya mtoto kufuata nasaba ya baba, kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mwaka 1667 wakaamuru kwamba ubatizo haumpi mtu uhuru. Na mwaka 1669 kwamba bwana akimuua mtumwa wake katika kumwadhibu hana jinai, maana hakuna aharibuye mali yake mwenyewe kwa kusudi. Msomaji wa pwani, anayejua maana ya mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa nchini, ataona tofauti iliyopo katika ile sheria ya kwanza: katika sharia ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake ni muungwana kama baba yake, na kwetu wamekuwapo masultani wa namna hiyo, ilhali huko Virginia bwana aliruhusiwa kumtia mwanawe mwenyewe katika mirathi pamoja na ng'ombe.

Wako wanaosema kwamba lililokata shauri la kuwaacha watumishi wa hati na kushika watumwa ni uasi wa Nathaniel Bacon wa mwaka 1676, ambapo Jamestown ilichomwa moto, na katika kundi la mwisho lililokataa kuweka silaha walikuwamo Waafrika 80 na watumishi wa Kiingereza 20 bega kwa bega. Hofu ya mabwana kwa muungano huo ilikuwa ya kweli. Lakini mimi naona hesabu ilikuwa na nguvu zaidi, na sheria nilizozitaja zilikwisha andikwa kabla ya moto huo. Ujira ulipanda Uingereza, watu wa kujifunga kwa hati wakapungua. Watu walianza kuishi miaka mingi zaidi Virginia, na kumnunua mtu kwa maisha kukawa na faida. Na kampuni ya kifalme ya biashara ya watumwa, iliyopewa hati yake mwaka 1672, ilipoondolewa ukiritimba mwaka 1698, merikebu za kila mfanyabiashara zikaingia katika soko hilo. Mwaka 1705 sheria zote zikakusanywa: mtumishi Mzungu amalizapo muda wake apewe mahindi, fedha na bunduki, mtumwa ahesabiwe kama ardhi.

Kabla ya siku hizo, Anthony Johnson alikuwa amekwisha hamia Maryland, akafariki huko mwaka 1670. Mwaka huo huo wazee wa baraza la hukumu la Virginia waliulizwa mintarafu ya ardhi aliyoiacha nyuma, wakajibu kwamba yaweza kuchukuliwa na serikali, kwa kuwa mwenyewe alikuwa Mwafrika, na kwa hiyo mgeni. Mwaka 1677 mjukuu wake alinunua ekari 44 huko Maryland, akaliita shamba lake Angola.