Ukarabati wa Nyumba Kabla ya Mvua: Kazi za Kutanguliza

Maeneo ya Tanzania yenye misimu miwili ya mvua, yakiwemo pwani ya kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria, hupata Vuli kati ya Oktoba na Desemba na Masika kati ya Machi na Mei. Maeneo yenye msimu mmoja, ikiwemo mikoa ya kati na ya kusini, hupata mvua kati ya Novemba na Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri kabla ya kila msimu, nao humsaidia mwananchi kupanga ukarabati mapema.

Zitangulizwe kazi zinazohitaji muda wa kukauka au kukomaa. Zege humwagiliwa maji kwa angalau siku 7, na uimara wake hupimwa baada ya siku 28; hivyo msingi uliomomonyoka utengenezwe walau mwezi mmoja kabla ya mvua. Kuta za udongo zikandikwe wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo mbichi huoshwa na mvua za mwanzo.

Paa hufuata. Mbao zilizoliwa na mchwa zibadilishwe kabla ya kupigilia bati jipya, kwani bati lililoshikwa na mbao dhaifu huezuliwa na upepo kwa urahisi.

Nje ya nyumba, mitaro izibuliwe bila kuelekeza maji kwa jirani. Mashimo ya vyoo yaliyokaribia kujaa yanyonywe mapema, kwa sababu kufurika kwake huweza kueneza kipindupindu. Nyaya zilizochakaa zishughulikiwe na fundi umeme mwenye leseni. Maji yakiingia ndani, swichi kuu izimwe endapo tu inafikika bila kukanyaga maji.

Kaya isiyo na fedha za kutosha iahirishe rangi na mapambo, itangulize kuta, paa na umeme, ambavyo hitilafu zake hugharimu maisha.

Hata hivyo, nyumba iliyojengwa bondeni au kwenye mkondo wa maji hailindwi na ukarabati. Wakazi wake wapange mapema mahali pa kuhamia, hususan watoto, wazee na wagonjwa. Wakati wa dharura, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.